Spika Ikilia "Shiii" Darasani kwa Wakulima

Kama kikundi chenu husikiliza masomo kupitia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, usiupuuze ule mlio wa "shiii". Mzee asiyesoma lebo hutegemea sikio, na ndani ya kelele "mililita ishirini" na "thelathini" hufanana. Dawa itazidi kwenye bomba.

Usikimbilie kununua spika nyingine. Tundu la milimita 3.5 hutengeneza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na kelele huingia hapo. Mimi huchomeka kadi ya sauti ya USB, kisha spika kwenye kadi hiyo. Sauti ongeza kwenye kompyuta, punguza kwenye spika. Ukisikia mvumo mzito badala ya "shiii", jaribu spika kwa betri. Huenda tatizo ni chaja.