Kati ya Tando Mbili

Masika yakishika, neno kipindupindu hurudi vinywani mwa watu wa Kisauni na Likoni. Ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu, na maji ya choo cha shimo hayana safari ndefu kufika kisima cha jirani. Nami husumbuliwa zaidi na mdudu mwenyewe, hasa jinsi anavyoitoa sumu yake nje.

Bakteria huyu, Vibrio cholerae, ana tando mbili, ya ndani na ya nje, na baina yake pana upenyo mwembamba. Sumu yake ni protini ya vipande sita: vitano vya kushika ukuta wa utumbo, kimoja cha kufanya madhara. Kila kipande huvuka utando wa ndani peke yake, kimenyooka kama uzi, hakijakunjwa. Hapo bado hakina makali. Ni ndani ya upenyo ule ndipo vinapokunjwa na kuungana, vitano vikifanya duara, cha sita kikikaa juu yake. Kisha mtambo wa protini zipatazo dazeni huisukuma sumu nzima, imekamilika, kupita mlango wa utando wa nje. Huko nje ndiko inakofanya kazi ile aliyoithibitisha mtafiti Sambhu Nath De mjini Kolkata mwaka 1959: kuufanya utumbo umwage maji ya mwili hadi mtu akauke.

Leo nimeshikwa na ule upenyo.

Kwa maana mtaani kwetu naujua. Kijana amemaliza kidato cha nne, nyumbani si mtoto tena, na kazi ya bandarini au safari ya Ghuba haijatokea. Kutwa yuko maskani. Wazee hupita na kusema anapoteza wakati, kana kwamba pale hapafanyiki lolote. Siamini. Mtu hatoki nyumbani akiwa mhalifu, wala hatoki akiwa fundi; hutoka angali mnyoofu, na pale anapongoja ndipo anapopewa umbo. Wapo waliokunjiwa kwenye gereji za Changamwe, spana mkononi, wakatoka na kazi. Wapo waliotoka na panga.

Barazani bado tunabishana kama vijana hawa ni wavivu. Mimi siku hizi nauliza swali jingine: wiki hii nani wetu ameketi nao pale maskani, akazungumza nao? Wazee hutazamana. Anayefika kila jioni, na kila mtu anajua, ni muuza unga.