Makinga mawili ndani ya motoka ndogo: kutoka Lubumbashi hadi Kapolowe



Wengi mliniona Jumamosi asubuhi mbele ya lupango, ufunguo mkononi, makinga mawili yamelala chini na mlango wa nyuma wa motoka uko wazi. Wengine mlicheka, wengine mliuliza kama nimeanza kazi ya ufundi. Leo nawajibu wote pamoja, maana najua kuna mama mwingine mwenye motoka ndogo kama yangu ambaye siku moja atahitaji kubeba kinga.

Mdogo wangu anaishi Kapolowe, upande wa Likasi, karibu na ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha. Ana mabinti wawili katika sekondari. Kutoka kwao hadi shuleni ni saa moja na nusu kwa miguu, na kurudi ni vilevile. Mwaka jana yule mkubwa alikosa masomo siku nyingi, na siku alizofika alisinzia darasani. Mwezi wa saba baba yao akasema mmoja tu ataendelea, mwingine abaki kumsaidia mama yake kukausha samaki. Mdogo wangu akanipigia simu usiku. Hakuniomba franka. Aliniuliza tu: “Yaya, kinga inauzwa bei gani huko Lubumbashi?”

Zamu yangu ya likelemba ilianguka mwezi wa nane. Nikanunua makinga mawili yaliyotumika: moja Phoenix kubwa yenye chuma cha katikati, nyingine ya kike isiyo na chuma hicho. Kununua hakukuwa shida. Shida ilikuwa kuyafikisha mazima.

Mara moja nilituma kinga kwa basi. Waliilaza juu ya paa, wakaweka mifuko ya unga juu yake. Gurudumu la mbele lilifika limepinda kama namba 8, na fundi alidai pesa karibu nusu ya bei niliyonunulia. Safari hii nikasema nitaipeleka mwenyewe katika Vitz yangu.

Kwanza nawaambia njia ambayo sitairudia. Miaka miwili iliyopita nilibeba kinga ya kijana wangu kutoka Kipushi. Haikuingia yote, nikaacha mlango wa nyuma wazi na kuufunga kwa kamba. Mtoto wangu mdogo alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Kabla ya kufika mjini akaanza kulia kwamba kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Nilidhani ni joto au chakula. Jirani yetu muuguzi ndiye aliyenifungua macho. Motoka inapotembea na mlango wa nyuma wazi, hewa ya nyuma inazunguka na kuvuta moshi wa bomba uingie ndani. Katika moshi ule mna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na inaweza kumuua mtu akiwa usingizini. Tangu siku hiyo najilaumu kila ninapomtazama yule mtoto. Basi wamama, kinga ikikataa kuingia na mlango ukakataa kufunga, msiende hivyo, hata kama ni kilomita 5 tu.

Njia ya pili ni juu ya paa. Kama motoka ina galeri ya chuma iliyoshikwa vizuri, kinga inageuzwa miguu juu, isimame kwa kiti na usukani wake, halafu inafungwa sehemu tatu au nne kwenye galeri yenyewe. Mipira ya ndani iliyokatwa inashika vizuri, lakini inavutika, kwa hiyo juu yake tia kamba ya kawaida. Simama baada ya kilomita 10 za kwanza ukaze tena, maana kamba inalegea njiani. Ujue pia kwamba paa la motoka ndogo halikutengenezwa kwa mzigo mkubwa. Kitabu cha motoka kinasema kilo ngapi, na uzito wa galeri unahesabiwa humo. Phoenix moja inafika karibu kilo 20. Tena kumbuka kimo: dereva anasahau kwamba juu kuna kitu, anaingia chini ya tawi la mwembe, kinga inabaki mtini. Motoka yangu haina galeri, na kufunga kinga moja kwa moja juu ya paa tupu sikutaka.

Njia ya tatu ni chuma kinachoning'inizwa nyuma kwa mikanda. Ni kizuri kwa makinga mepesi. Lakini kinaweza kufunika taa na plaki ya namba, na hapo polisi wa rulaji ana haki ya kukusimamisha. Kinga ya kike haikai vizuri pale kwa kuwa haina chuma cha katikati. Inabidi ufunge mti mnyoofu kutoka shingo ya usukani hadi chini ya kiti, ndipo uining'inize kwa mti huo.

Ikabaki njia ya nne: yote mawili ndani, mlango umefungwa. Fundi wa barabara yetu alinionyesha. Kiti cha nyuma cha motoka kinalazwa. Kiti cha mbele cha abiria kinasogezwa mbele kabisa. Kinga inatolewa gurudumu la mbele, kiti chake kinachomolewa, usukani unalegezwa na kugeuzwa ulingane na urefu wa kinga. Pedali zinafunguliwa kwa ufunguo wa 15. Hapa sikilizeni vizuri, maana nilipoteza nusu saa: pedali ya kuume inafunguka kama skrubu zote, lakini ya kushoto inafunguka kinyume. Ukilazimisha unaharibu meno yake.

Phoenix ikaingia kwanza, upande wa mnyororo juu ili usiinamie chini. Nikatandika blanketi nzee. Kinga ya kike ikalala juu yake, kichwa kikielekea mkia wa ile nyingine. Mnyororo nikaufunga kwa kitenge kilichochakaa, kwa sababu mafuta yale hayatoki kwenye viti. Magurudumu mawili yakapangwa pembeni. Yote nikayafunga kwa kamba kwenye vyuma vya mikanda ya viti. Ukipiga breki kali, kinga isiyofungwa inakufuata kisogoni. Mlango ukafunga. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Jambo gumu kuliko yote halikuwa hilo. Mnajua kwetu motoka inayosafiri haina nafasi tupu. Kufikia saa moja watu wanne walikuwa wamefika: mama mkwe wa jirani aliyetaka kwenda Likasi, kijana mmoja na mfuko wake wa unga, na wawili wa ukoo wetu. Kubeba hata mtu mmoja nyuma kulimaanisha kushusha kinga moja, au kumkalisha mtu kati ya vyuma. Nikachukua mama mkwe peke yake, mbele, na mkoba mapajani. Wengine niliwaambia hapana. Mmoja bado hajanisamehe. Naandika hili wazi kwa sababu mipango mingi yetu haivunjwi na ukosefu wa pesa, inavunjwa na aibu ya kusema hapana.

Tulitoka saa mbili. Barabara ya Likasi ni ya lami, lakini ni ya malori yanayobeba shaba na kobalti, na dereva wa motoka ndogo anajiona kama kuku kati ya ng'ombe. Nilienda polepole. Mwisho wa kiangazi nchi ilikuwa ya vumbi na moshi wa moto wa porini, vichuguu virefu kuliko nyumba, na miti imeanza kutoa majani mapya mekundu kabla mvua haijaja. Upande wa pili walikuja wanaume wa makala wakielekea mjini, wakisukuma makinga yao, mifuko imepanda hadi juu ya vichwa vyao. Mama mkwe akasema: “Wale hawana motoka, lakini kinga ndiyo inayowalishia watoto.” Kwenye peaji kijana alichungulia dirishani akaniuliza kama nimefungua duka. Baada ya Luisha nikasimama na kukaza kamba moja iliyolegea. Mama mkwe alishuka penye njia panda ya Kapolowe, akapanda motoka nyingine ya kwenda Likasi. Mimi nikaacha lami.

Kwa mdogo wangu tulikula bukari na samaki wa ziwa, kisha tukaanza kufunga vyuma chini ya mwembe. Nilimpa binti mkubwa ufunguo. Alifunga pedali zote mbili mwenyewe, nikamwambia siri ya ile ya kushoto. Hakukuwa na kitu kilichopinda. Alipanda, akaanguka, akapanda tena.

Shemeji alitazama bila kusema neno. Jioni akaniambia mabinti wote wawili wataanza mwezi wa tisa. Kisha akaongeza kwamba Jumamosi na Jumapili Phoenix itamsaidia kupeleka samaki barabarani. Nilikubali, lakini mbele ya mabinti na mama yao nikaweka sharti: Jumatatu asubuhi iwe na upepo kwenye magurudumu na breki zinazoshika. Akacheka, akanipa mkono. Mdogo wangu ndiye atakayeniambia kama neno hilo linafuatwa, na kila mwisho wa mwezi nitamwuliza.

Wamama, ufunguo wa 15 na blanketi viko kwangu. Mwenye safari aje avichukue, halafu avirudishe.