Wazee, tuhesabu magoli!

Huku kwetu Nyambureti, ukimsifia Msuva mbele ya wazee umejitafutia kesi. Utaulizwa: "We kijana, ulimwona Peter Tino?" Haya wazee, shikamooni. Tuhesabu magoli.

Tino namvulia kofia. Bao lake la kusawazisha kule Ndola mwaka 1979 ndilo lililoipeleka Taifa Stars Lagos, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Huko Nigeria ikatupiga 3-1, Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, Thuwein Ally mawili. Jumla matatu.

Sasa njooni Morocco, Desemba 2025. Nigeria ikatufunga 2-1, tukatoka 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. M'Mombwa, Msuva na Feisal, kila mtu na lake. Jumla? Matatu vilevile!

Tena hawa wakaingia 16 bora, Morocco ikatutoa kwa 1-0. Wazee watasema enzi zao zilicheza timu nane tu, siyo 24, na mshindi wa tatu alirudi nyumbani. Hapo wana hoja.

Ila washikaji, tusiwacheke. Tangu Lagos tumecheza fainali nne, mechi 13, magoli tisa, na ushindi hakuna hata mmoja! Siku tuliyofunga mawili, mwaka 2019, Kenya ikatupiga matatu.

Kwa hiyo ubishi wa Tino na Msuva tuuache kwanza. Straika atakayetupa ushindi wa kwanza ndiye mkali wao wote. Soda yake naiweka mimi.