Kuitwa Mara Mbili

Nina mkebe wa biskuti ambao hauna biskuti. Ndani yake kuna spoki tatu za baiskeli zilizopondwa ncha kwa nyundo, ubavu mmoja wa mwavuli, mikanda miwili ya chuma chembamba iliyotoka kwenye waipa ya matatu, kipande cha wembe wa msumeno wa kukatia chuma, na pini za nywele ambazo sijawahi kuzihesabu. Mgeni akiufungua atadhani ni takataka za mtoto. Askari akiufungua, itabidi nikae chini nieleze.

Hizo ni zana za kufungulia kufuli bila ufunguo. Hakuna hata moja niliyonunua. Nilifundishwa kuzitengeneza na baba, aliyekuwa fundi wa baiskeli katika soko dogo kule Magharibi, enzi ambazo bodaboda bado ilikuwa baiskeli na pikipiki hazijajaa. Mteja angekuja akisukuma baiskeli yake kwa gurudumu moja, lile lingine limefungwa mnyororo na kufuli, ufunguo umeangukia mtoni. Kukata mnyororo ni rahisi, lakini mnyororo nao ni pesa ya mtu. Basi baba angechukua spoki mbovu, aiponde, aisugue kwa tupa, na kuinama.

Kufuli la kawaida halina maajabu. Ndani kuna silinda ndogo ya kuzunguka, na pini zimepangwa mstarini, mara nyingi nne au tano. Kila pini ni vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na springi inavisukuma vizuie silinda isizunguke. Ufunguo sahihi huinua kila pini hadi pale ambapo mwachano wa vipande hivyo unalingana na ukingo wa silinda. Zote zikilingana, silinda inageuka na kufuli linaachia. Wazo lenyewe ni la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye pini za mbao zilizoanguka kwa uzito wake. Mmarekani Linus Yale Jr. ndiye aliyelipa umbo la chuma tunalolijua leo, katika miaka ya 1860.

Sasa, hakuna kiwanda kinachotoboa mashimo matano yakanyooka sawasawa kabisa. Ukiikaza silinda kidogo, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Unaiinua taratibu hadi usikie mlio mdogo, silinda inasogea unywele mmoja, na pini nyingine inabanwa. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili tu, kimoja cha kukaza na kingine cha kuinua. Anayeanza hudhani kazi iko kwenye kile cha kuinua. Akikaza kwa nguvu, pini zote zinaganda pamoja na hasikii chochote. Baba alikuwa akinigonga kiwiko na kuniuliza, "Wewe unafungua ama unapigana?"

Kila kitu cha nyumbani kina tabia yake ukikigeuza zana. Pini ya nywele inapatikana haraka, lakini ni laini, na lazima kwanza ung'oe kile kitone cha plastiki mwishoni, la sivyo kitabaki ndani ya kufuli na utakuwa umeongeza shida juu ya shida. Klipu ya karatasi hupinda hata kabla kufuli halijajua kwamba umebisha hodi. Spoki ina nguvu ila ni nene. Ubavu wa mwavuli unapinda na kurudi, na kwa vile miavuli ya bei rahisi huvunjika kila msimu wa mvua, malighafi haikosi. Wembe wa msumeno ni mgumu kuliko vyote, lakini ukiusugua kwenye mashine ya kunoa hadi ukawa buluu, umeuua, maana moto umeondoa ugumu wake. Unasugua kidogo, unachovya majini, unasugua tena.

Kuna mwongozo mmoja maarufu wa kazi hii ulioandikwa na watu wa chuo cha MIT huko Marekani, umekuwa ukizunguka tangu 1991. Unamshauri msomaji aokote barabarani nyuzi za chuma zinazodondoka kwenye magari ya kufagia. Nilicheka nilipousoma. Barabara ninazozijua hufagiwa na watu wenye mifagio mikononi, na ufagio wa vijiti haudondoshi chuma. Lakini matatu hubadilisha waipa, na ndani ya raba ya waipa mna mikanda ya chuma isiyoshika kutu, myembamba, yenye kurudi ukiipinda. Kondakta hukupa bure, tena hukushukuru kwa kumwondolea uchafu. Kila nchi na takataka zake.

Jambo ambalo mwongozo huo haukunifundisha, na baba alilijua kwa ngozi yake, ni kwamba anayejua kufungua huitwa mara mbili. Mara ya kwanza anaitwa afungue. Mara ya pili anaitwa ajieleze.

Baba aliitwa na chifu kufungua ofisi ya shule ya msingi, mitihani imo ndani na mwalimu mkuu amepoteza funguo. Aliitwa kufungua stoo ya kanisa, na sanduku la bati la ajuza aliyefariki, wanawe wamesimama kandokando wakitazamana vibaya kwa sababu ya hati ya shamba. Walimsifu sana. Halafu usiku mmoja duka la sokoni likaibwa, na alfajiri wazee wale wale waliomsifu walikuwa uani kwetu kabla hata chai haijachemka. Hawakumpigia makelele. Walisema tu, "Fundi, tuandamane." Mama alishika mlango akasimama pale, mkono mmoja kinywani.

Nilimfuata nyuma. Kufuli la duka lilikuwa bado chini pale lilipoangukia. Baba hakuligusa. Aliwaomba waliokote wenyewe na walitazame. Mkono wake wa chuma ulikuwa umekunjuka, na mlangoni kulikuwa na alama mbichi ya mtaimbo. Akawaambia, "Hili limevunjwa. Mimi sivunji." Mzee mmoja aligeuza kufuli mara tatu, akalirudisha chini, na wakatawanyika bila kumwomba radhi. Tangu siku hiyo akajiwekea masharti. Hafungui bila mwenye mali kuwepo. Hafungui bila mashahidi wawili. Hafungui usiku, ila kuwe na mgonjwa.

Baadaye nilisoma habari za Mmarekani mwingine, Alfred Charles Hobbs, nikamkumbuka baba. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Hobbs alifungua kufuli la kampuni ya Chubb kwa dakika 25 hivi, watu wakimtazama. Kisha akaliendea la Bramah, ambalo lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka tangu 1790 pamoja na ahadi ya guinea 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa zipatazo 51, zikiwa zimegawanyika katika siku 16, na zana alizotengeneza mahsusi kwa ajili yake. Kukawa na zogo. Wengine walilalamika kwamba kueleza udhaifu wa kufuli ni kuwasomesha wezi. Jibu lake lilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao tayari. Alilipwa zile guinea, na jina lake likaingia vitabuni. Lakini nijuavyo mimi, Hobbs yule yule, zana zile zile, angekutwa peke yake usiku nyuma ya duka, angeitwa jina lingine. Mashahidi ndio waliomfanya kuwa fundi.

Sheria yetu nayo inajua hivyo. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwona mwenye hatia mtu anayekutwa nje ya makazi yake akiwa na kitu cha kutumia kuvunjia nyumba, kuibia au kulaghai. Na kitu chenyewe kikiwa kimetengenezwa kwa kazi hiyo, korti inaweza kuchukua kwamba ndiyo nia yako, hadi wewe uthibitishe vingine. Pini iliyo kichwani mwa dada ni pini. Ukishaing'oa kitone na kuipinda ncha, imekuwa ushahidi. Ndiyo sababu mkebe wangu hautoki nyumbani, hata mafundi wa funguo wa mjini wakiniomba niwapelekee waone.

Naishi Nairobi sasa, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, Eastlands. Mwaka jana, mwezi wa mvua, keateka alifungia nyumba namba saba kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja na nusu. Siku hizi hawakutoi nje na vitu vyako. Wanasubiri utoke, kisha wanapachika kufuli lao juu ya lako. Mama wa namba saba alirudi kutoka kibarua saa moja usiku, mtoto mgongoni, akakuta makufuli mawili. Akaanza kumpigia keateka. Mteja hapatikani.

Mtoto ana pumu. Pampu yake ya dawa ilikuwa ndani, juu ya kabati, na kwa zile hatua kutoka steji pekee alikuwa ameshaanza kupumua kwa filimbi. Kijana wa namba tatu alikimbia kutafuta bodaboda ya kuwapeleka hospitali. Mwingine akaja na jiwe. "Vunja tu! Hii ni maisha ya mtoto!" Hakuwa amekosea kuhusu maisha ya mtoto. Lakini kufuli likivunjwa, asubuhi kesi ingekuwa ya kufuli, na mama angekuwa mvunjaji. Niliwajua wenye ploti.

Aligeuka akaniangalia. Sijui nani alikuwa amemwambia. "Jirani, wanasema unajua hizi vitu."

Kichwani mwangu baba alianza kuhesabu masharti. Mwenye mali yupo? Mwenye vitu yupo, mwenye kufuli hayupo. Mashahidi? Nikamwita mzee wetu wa Nyumba Kumi, aliyetoka na kikoi na tochi, na mama wa namba tisa anayeuza chapati, ambaye hakuna mtu ploti nzima anayeweza kumpinga. Usiku? Kuna mgonjwa.

Mkebe niliuacha chumbani. Sitaki kusema nilifikiria kifungu cha 308 wakati ule, nilisikia tu kwamba zana zilizotengenezwa mapema zingeonekana vibaya mkononi mwangu. Nilimwomba mama wa namba saba pini mbili kutoka nywele zake. Mwavuli wa mama wa chapati ulikuwa umegeuka ndani nje kwa upepo jioni ile ile, nikakata ubavu mmoja kwa koleo, nikaupinda kwenye ukingo wa ngazi. Mzee akamulika.

Kufuli lilikuwa jipya, springi zake kali. Pini ya kwanza ya nywele ilipinda. Watu walikuwa wakisukumana nyuma yangu na yule wa jiwe hakuwa ameliweka chini, na nilisikia ile filimbi ya mtoto kuliko nilivyosikia kufuli. Nilikuwa nimekaza mno. Nikalegeza kidole, nikaanza upya. Moja. Mbili. Ya tatu ilinisumbua. Ya nne ikakubali, na ubavu wa mwavuli ukageuka mkononi mwangu kama kitu kilichokuwa kikisubiri kuombwa vizuri.

La pili lilikuwa lake, akalifungua kwa ufunguo wake. Aliingia, akatoka na pampu, na hakuchukua kingine hata sweta. Mtoto alivuta mara mbili, tukangoja, akavuta tena. Kisha nikamwomba mzee ashuhudie, nikalibana tena kufuli la keateka pale pale lilipokuwa. Wengine walidhani nimerukwa na akili. "Si umeshafungua? Mwache alale kwake!" Lakini nyumba ile na kodi ile zilikuwa mazungumzo ya asubuhi, kati yake na wenye ploti, na niliona heri ayaanze akiwa na mkono safi. Walilala kwa mama wa chapati.

Asubuhi keateka alikuta kufuli lake lilivyo. Angeweza asijue kamwe, ila ploti haina siri. Aliniita getini. Mzee wa Nyumba Kumi akaja, mama wa chapati akaja na unga mikononi, wakasimulia. Keateka alisikiliza huku akigeuza kufuli, akitafuta mkwaruzo. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini sasa nitalala aje, na mtu kama wewe kwa ploti?" Mama wa namba saba alilipa nusu wiki hiyo na akafunguliwa. Jirani yangu wa ukutani, ambaye nimemwazima gesi mara mbili, alinunua kufuli kubwa kuliko ngumi. Bado tunasalimiana, lakini hunisalimia akiwa ameshalibana.

Wiki tatu baadaye keateka alibisha mlangoni kwangu, safari hii kwa tabasamu. Mpangaji wa namba kumi na moja alikuwa ameenda ushago kwa matanga na kodi imechelewa, na wenye ploti wanataka kuonyesha chumba kwa mtu mwingine.

"Brathe, nifungulie hiyo. Dakika mbili tu. Nitakutoa lunch."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajulia wapi? Utafunga tena vile ulifanya ile siku."

"Mpigie simu basi, nimsikie akikubali. Na uje na mzee."

Alinitazama kwa muda, kama mtu aliyeuliziwa bei ya kitu alichodhani ni cha bure. Kisha akashuka ngazi, na baada ya dakika chache nikamsikia akiuliza chini nani ana nyundo.