Masikini, Mtoto wa Gavana

Mtu akitaja desturi za Kisangani, wengi wetu tunafikiri haraka mitego ya Wagenia kwenye maporomoko, au mahari, au matanga. Ni haki. Lakini kuna desturi nyingine, haina ngoma wala vazi, na bado inatawala nyumba zetu nyingi. Inasema hivi: mtoto mwanamke wa nyumba ya heshima haimbi mbele ya watu kwa kulipwa. Juu ya desturi hiyo tunataka kusema maneno machache, na tutapitia maisha ya mtu mmoja wa mji huu wetu, Abeti Masikini.

Abeti alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954, wakati mji uliitwa bado Stanleyville. Jina alilopewa na wazazi ni Elisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa MNC, chama cha Patrice Lumumba, na mwaka 1960 Kongo ilipopata uhuru yeye ndiye aliyeongoza serikali ya kwanza ya Provensi Orientale. Wakati ule cheo hicho kiliitwa prezida wa provensi. Leo tungesema gavana. Na provensi yenyewe haikuwa ndogo: ni ile iliyogawanywa mwaka 2015, zikatoka Tshopo, Bas-Uele, Haut-Uele na Ituri. Basi Elisabeth alikuwa mtoto wa mtu mkubwa, katika mji ambao wakati ule ulikuwa ngome ya Lumumba.

Ukubwa huo haukufika mbali. Finant alikamatwa pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba. Lumumba mwenyewe aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi uliofuata, Finant na wenzake wakapelekwa Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, na huko wakauawa. Elisabeth alikuwa na miaka sita. Jamaa ikahamia Kinshasa, na mtoto wa gavana akawa yatima kama yatima wengine wa nchi hii.

Huko Kinshasa alisoma shule, akafanya kazi ya sekretari ofisini. Kama mambo yangefuata njia ya kawaida, angeolewa na mtu wa cheo, akakaa mbele siku za sikukuu, na hadithi yake ingeishia hapo. Lakini mwaka 1971 aliingia katika mashindano ya waimbaji vijana yaliyotengenezwa na mwimbaji Gérard Madiata. Alikuwa wa tatu. Hakupata nafasi ya kwanza, lakini Mtogo mmoja, Gérard Akueson, alisikia sauti ile na akaamini. Akawa mtayarishaji wake, na baadaye mume wake. Walianza kuzunguka na muziki katika nchi za Afrika ya Magharibi. Mwaka 1973 Abeti aliimba Olympia, ile nyumba kubwa ya muziki ya Paris, na mwaka uleule sahani yake ya kwanza ikatoka kwa jina la Pierre Cardin, mshonaji mkubwa wa mavazi wa Ufaransa. Mwezi wa tisa 1974, kabla ya Muhammad Ali na George Foreman kupigana Kinshasa, kulikuwa na tamasha la siku tatu. Waliimba James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba, na Abeti naye alikuwemo. Hakuwa hata na miaka ishirini.

Sasa tuangalie jina. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudia uhalisi, majina ya kizungu yalikatazwa. Elisabeth akawa Abeti. Na badala ya Finant, yeye na kaka yake Abumba, aliyepiga gitaa na kumtungia nyimbo mingi, walijulikana kwa jina la Masikini. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa. Mtoto wa mtu aliyetawala provensi nzima aliitwa Masikini mbele ya dunia, na kwa jina hilo alipata utajiri ambao cheo cha baba hakikumwachia. Hakusahau lugha yetu pia: kati ya nyimbo zake iko moja inayoitwa Mutoto Wangu, imeandikwa vile vile tunavyotamka sisi, na siyo kama vitabu vya Unguja.

Sisi tulimjua kwa njia ya redio na kaseti. Nyumbani kwetu Mangobo kulikuwa na redio-kaseti moja, na mzee wetu hakukubali mtu aiguse. Jumapili nyuma ya misa aliweka Je suis fâché, sahani ya mwaka 1986, na mama zetu jikoni walijibu kwa sauti huku wanatwanga sombe. Mwisho wa mwezi wa tisa 1994 redio ikatangaza kwamba Abeti amekufa huko Ufaransa, kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa na miaka 39. Mwili ulirudishwa, akazikwa Kinshasa. Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari, na tulishangaa kuona mzee analia juu ya mtu asiye wa jamaa. Ndipo tuliposikia mara ya kwanza: «Yule ni mutoto wa hapa. Mutoto wa Finant.» Kaseti zenyewe hatuna tena. Nyingi za mtaa wetu zilipotea mwezi wa sita 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji huu.

Lakini tulisema tutaongea juu ya desturi. Tuingie ndani.

Watu wanasema: kwetu mwanamke haimbi mbele ya watu. Hiyo si kweli. Kwetu mwanamke anaimba toka kuzaliwa kwa mtoto mpaka kwenye kaburi. Ni wanawake wanaoimba mtoto akitoka nje mara ya kwanza. Kwenye matanga, bila mama anayeanzisha wimbo, usiku haupiti. Kanisani koo zenye nguvu ni za mama. Mtoni, shambani, kwenye ndoa, ni vilevile. Hakuna baba wa Kisangani aliyekataza mke wake kuimba kwenye matanga ya jirani.

Basi kinachokatazwa ni nini? Tukichunguza vizuri tunaona ni vitu vitatu: makuta, jina, na usiku. Mama wa matanga halipwi, au analipwa kwa chakula. Jina lake halitangazwi, watu wanakumbuka wimbo tu. Na ingawa anakesha, anakesha kati ya watu wake. Mwimbaji wa okestra analipwa, jina lake linaandikwa kwenye ukuta, na usiku wake ni wa baa, kati ya watu wasiojulikana. Hapo ndipo jamaa inaogopa. Haiogopi wimbo. Inaogopa mwanamke mwenye makuta yake na jina lake, ambaye hakuna mjomba anayejua amelala wapi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa umri wetu na wakubwa wetu wanalikumbuka. Wakati wa Mobutu kulikuwa na animasio ya siasa. Wafanyakazi, wanafunzi, mama wa mitaa, wote walipaswa kuimba na kucheza kila mkubwa akishuka kwenye ndege. Mke wa mtu aliweza kuchezesha kiuno mbele ya gavana mchana mzima, juani, na hakuna aliyesema heshima imepotea. Juu ya nini? Juu ya kuwa iliimbwa kwa mkubwa, bure, na kwa amri. Mwanamke akiimba kwa kutumwa ni raia mwema. Akiimba kwa kupenda kwake, ni mwanamke wa barabara. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, utaona desturi hii hailindi mwili wa mwanamke. Inalinda haki ya mwingine kusema aimbe lini.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa darasa la tano la sekondari. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. Siku ya kutangaza matokeo aliimba, na wazazi waliokuwa wanagombana juu ya viti wakanyamaza. Kiongozi wa okestra moja alikuwa pale, akamwomba aje kufanya mazoezi siku ya posho. Jamaa ikakataa. Msichana akaja kwetu akilia, nasi tukaenda kuongea na wazazi. Tulipokelewa vizuri, tukapewa kiti na maji. Mama yake akasema wazi: «Mwalimu, akisha kuimba mu baa, nani atamuoa?»

Tukawaeleza habari ya Abeti. Tukasema huyu hakuwa mtoto wa mtu yeyote, alikuwa mtoto wa gavana, na aliimba, na mpaka leo jina la Kisangani linatajwa pamoja na lake. Tukafikiri tumeshinda. Mjomba wa msichana, mzee mpole, dereva wa zamani, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Ni kweli, mwalimu. Lakini ule baba alikuwa amesha kufa. Kama angekuwa muzima, kwenye kiti yake ya gavana, angemukubalia?»

Swali hilo lilitukaa ndani siku mingi, na mpaka leo tunalichukua kwa uzito. Mzee alikuwa na haki ya kuliuliza. Inawezekana kabisa kwamba gavana hai angekataa. Mkubwa ana watu wanaomtazama, ana maadui wanaotafuta neno la kusema. Nyumba ya mkubwa ni nyumba ya vioo. Mke wake na binti zake wanapaswa kukaa, kutabasamu na kupiga makofi wengine wakiimba. Ndiyo maana msanii akiolewa na mkubwa, watu wanauliza kwanza kama ataacha muziki, na hakuna anayemuuliza mkubwa kama ataacha siasa.

Lakini tukiendelea na swali la mzee, tunafika mahali ambapo linageuka. Kama Elisabeth angenyamaza juu ya heshima ya baba, leo nani angelitaja jina la Finant? Tumefanya jaribio darasani, mara nyingi. Tukiuliza wanafunzi, «Finant alikuwa nani?», darasa zima linatuangalia. Tukiuliza Abeti, mmoja au wawili wanasema bibi yao anamwimba. Kisha tunawaambia alikuwa mtoto wa nani, na hapo wanaandika jina la baba katika daftari. Kwa hiyo heshima ya nyumba ile haikuokolewa na ukimya wa binti. Iliingia darasani kupitia mlango wa wimbo.

Na si kwetu peke yake. Kule Unguja, Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba, maskini kabisa, akauza vyungu, watu wakamcheka. Mwaka 1928 alienda Bombay kuingiza sauti yake kwenye sahani, na alikaribishwa kuimba mbele ya Sultani. Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Mmoja alipanda kutoka vyungu mpaka jumba la mfalme, mwingine alitoka nyumba ya gavana akaenda jukwaani. Njia zao zilikuwa mbalimbali, lakini matusi waliyotupiwa wanawake wa jukwaa yalikuwa yaleyale.

Tuongeze pia kwamba Abeti hakuimba peke yake. Okestra yake, Les Redoutables, ilikuwa shule. Mbilia Bel alianzia kwake kabla ya kuimba na Tabu Ley. Lokua Kanza alipiga gitaa humo. Fundi anayefundisha mafundi wengine, sisi katika desturi yetu tunamwita mzee, hata akiwa kijana. Abeti alistahili kuitwa hivyo.

Hatusemi kwamba kila msichana aende kwenye baa. Sisi ni walimu na tuna watoto wanawake. Hofu ya ile mama tunaielewa: mazoezi yanaisha usiku, toleka ni haba, na viongozi wa okestra si wote wenye roho nzuri. Lakini hofu ya njia haifanani na aibu ya wimbo, na desturi yetu imechanganya hizo mbili. Kwa hofu ya njia kuna dawa: mjomba amsindikize, mazoezi yafanywe mchana, mapatano yaandikwe na yasomwe mbele ya jamaa, kama tunavyofanya kwa mahari. Tulirudi kwa wazazi wale na maneno hayo. Mjomba alifikiri, kisha akasema atamsindikiza yeye mwenyewe siku ya posho, akae kwenye kiti mpaka mwisho. Alifanya hivyo mwaka mzima. Msichana alipata diploma ya Leta, na anaimba.

Tunaomba basi wasomaji wetu, hasa wenye mabinti: siku wachumba wakija na mtu akauliza kama binti anaimba, jibuni bila kuinamisha kichwa. Na ninyi walimu wenzetu, mkifundisha mwaka 1960, mtajeni Finant, kisha mtajeni na binti yake.