Waya Mweusi Una Moto

Dada alinionya kwa simu nisibebe nyama, matunda wala mbegu. Kuhusu bisibisi hakusema kitu. Kwa hiyo ndani ya begi kubwa, katikati ya vitenge vyake viwili na majani ya chai aliyoagiza, nilifunga tasta, mita, plaizi na bisibisi tatu, vyote nimevizungushia soksi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Nimefanya umeme wa majumbani Moshi kwa miaka kumi na minne, tangu nilipotoka VETA, na sikuona sababu ya kwenda kumtembelea mtu mikono mitupu.

Kutoka KIA nilibadilisha ndege mara mbili. Shemeji alinipokea Denver saa nne usiku, mwezi wa kumi na moja, baridi ikinichoma masikio kama upupu. Fort Collins, wanakoishi, iko kaskazini, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanja wa ndege. Tulikuwa hatujamaliza hata robo ya njia aliponiuliza:

“Shemeji, umekuja na vifaa?”

“Nimekuja navyo.”

“Basi Mungu mkubwa. Pumzika kesho. Keshokutwa nakuhitaji gereji.”

Shemeji ni mtu wa Kibosho. Ana digrii na kazi ya ofisini, na tangu alipohamia mji ule ameshikwa na ugonjwa wa mji wenyewe: kupika bia nyumbani. Mji huo, kwa maelezo yake, haukuruhusu kilevi kuuzwa hadi mwaka 1969. Leo ni kama umeamua kulipa deni. Kesho yake alinizungusha kwa gari mpaka nje ya kiwanda cha New Belgium, akapunguza mwendo kama anayepita mbele ya kanisa. Mmoja wa walioanzisha kiwanda kile, Jeff Lebesch, alikuwa mhandisi wa umeme aliyekuwa akipika bia nyumbani kwake, chini ya nyumba. Mwaka 1991 yeye na Kim Jordan, mkewe wa wakati huo, wakaifanya biashara. “Mhandisi wa umeme,” shemeji alirudia, akinitazama mimi badala ya barabara.

Sheria yao inaruhusu. Rais Jimmy Carter aliitia saini mwaka 1978: nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaweza kutengeneza galoni 200 za bia kwa mwaka bila kodi, mradi isiuze. Nilipiga hesabu, nikapata lita 757. Shemeji aliitaja hesabu hiyo kwa fahari. Sikutaka kumvunja moyo, lakini kwa mbege hiyo ni sherehe ya kipaimara kimoja tu, tena cha familia isiyo na ndugu wengi.

Gereji ilikuwa na masufuria matatu ya chuma kisichoshika kutu, kila moja kubwa kuliko ya harusi. La kwanza ni la maji ya moto. La pili ni la kuloweka kimea cha shayiri. La tatu ni la kuchemshia kile kinachotoka humo pamoja na hopsi, ule ua unaoipa bia uchungu. Kinachotoka kabla ya hamira kuingia wao wana jina lao. Mimi nilionja, nikakiita togwa, na shemeji akakubali. Alikuwa akipikia gesi uani. Wakati wa theluji alipika amevaa makoti mawili, na upepo ukimpulizia moto. Sasa alitaka umeme, na umeme wa aina hiyo hauchomekwi ukutani tu kama birika. Unataka paneli.

Vitu vyenyewe alikuwa ameshavinunua. Boksi la chuma, koili za wati 5,500, relei ya kielektroniki yenye mgongo wa bati la kupoozea, swichi, taa ndogo, na kidhibiti joto chenye tarakimu nyekundu. Hicho kidhibiti ndicho kilichonikalisha chini. Bibi yangu alipopika ndizi za mbege hakuwa na kipimajoto. Alivuta kuni kabla sufuria haijafika pale alipopataka, kwa sababu alijua makaa yaliyobaki yangemalizia. Kidhibiti nacho hufanya hivyo hivyo: hupima joto limebakiza kiasi gani na linapanda kwa kasi gani, kisha huanza kuvuta kuni mapema. Tofauti ni kwamba kuni zake ni ile relei, inayofunguka na kufunga bila kelele. Kimea kinataka joto la kama nyuzi 67 kwa saa nzima ili wanga ugeuke sukari. Ukizidisha au ukipunguza nyuzi chache tu, unapata bia nyingine.

Sikugusa meni swichi ya nyumba. Viza yangu ilikuwa ya kutembelea ndugu, na leseni yangu haina thamani Colorado. Alikuja fundi wa kwao mwenye leseni, akafunga breka ya ampea 30 ya aina inayokata umeme ukivuja, na soketi ya matundu manne. Breka hiyo ni kali kuliko tulizozoea: yao hukata kwenye miliampea 5, zetu nyingi za majumbani ni 30. Nilisimama nyuma yake nikiangalia kimya, kama mpishi aliyealikwa jikoni kwa mwenzake.

Nilichokiona pale kilinifunza zaidi ya safari nzima. Sisi tuna volti 230 kati ya laivu na nyutro, basi. Wao nyumba yao inaingiwa na laivu mbili. Kila moja ukiipima na nyutro inakupa 120, lakini ukizipima zenyewe kwa zenyewe unapata 240. Soketi ndogo zinakula 120. Jiko na mashine ya kukaushia nguo zinakula 240. Koili ya shemeji ingekula 240, maana yake karibu ampea 23, na kwa breka ya 30 hiyo ni kazi halali. Dukani nilitaka waya mnene, nikachukua namba 14, nikidhani namba kubwa ni waya mkubwa. Kwao ni kinyume. Namba 14 ina milimita za mraba 2 na kidogo. Namba 10, tuliyoihitaji, ina zaidi ya 5. Shemeji aliurudisha kwenye rafu bila kusema neno, na nilimshukuru kwa hilo.

Kutoboa boksi, kusafisha vumbi la chuma lisije likaangukia kwenye vituo vya waya na kupanga swichi kulichukua siku mbili ambazo hazina hadithi.

Hadithi iko kwenye rangi. Nilifundishwa rangi za zamani za Waingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Kahawia na buluu zilikuja baadaye, lakini nyumba nyingi ninazofungua Moshi bado zina nyekundu na nyeusi, na mkono umeshakariri. Marekani mweusi ni laivu, mwekundu ni laivu ya pili, na nyutro ni mweupe. Nilikuwa nimelisoma hilo. Nililisema kwa mdomo wangu asubuhi ile wakati wa chai. Saa nane mchana nilikuwa nimekaza waya mweusi wa kebo kuu kwenye reli ya nyutro, vizuri kabisa, skrubu imebana, huku nikipiga mluzi.

Kilichoniokoa ni desturi ya kupima kabla ya kuchomeka. Niliweka ncha moja ya mita kwenye pini ya laivu ya plagi, nyingine kwenye reli ya nyutro ndani ya boksi, nikitegemea kimya. Ikalia: piiii. Niliiondoa nikarudia. Piiii. Kama tungechomeka, taa ndogo za volti 120 zingekula 240, na reli ambayo kila fundi ataigusa akijua ni nyutro ingekuwa inamsubiri na moto. Shemeji alikata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu ya wino MWEUSI UNA MOTO, akakibandika kwenye mpini wa bisibisi yangu. Hakucheka mpaka usiku, alipomsimulia dada.

Kosa la pili halikuwa langu. Mchoro wa shemeji ulikuwa na relei peke yake ya kuwasha na kuzima koili. Tulipochomeka kwa majaribio, relei ikiwa imezimwa, taa imezimwa, maji baridi, nilipima kutoka kwenye kichwa cha koili hadi kwenye mwili wa sufuria. Volti 120. Shemeji alidhani mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima: relei inakata laivu moja tu, na ile nyingine inafika kwenye koili moja kwa moja, usiku na mchana. Kwetu ukikata laivu umemaliza. Kwao, ukikata moja, ya pili bado imekaa inakuangalia. Zaidi ya hapo, relei za aina hii zikifa mara nyingi hufa zimefunga, yaani koili inabaki inachemsha bila mtu kuiamuru.

“Hatuwashi mpaka ipatikane kontakta ya kukata zote mbili,” nilimwambia.

“Shemeji, wageni wanakuja Jumamosi kuonyeshwa.”

“Waonyeshwe boksi.”

Kontakta ilifika baada ya siku mbili. Tuliifunga kabla ya relei, tukaipitisha kwenye kitufe chekundu cha dharura. Nilipolifunga boksi nilihesabu: breka, fyuzi, kontakta, kitufe, ufunguo, waya wa ethi kwenye kila sufuria. Nusu ya vilivyomo ndani ya paneli ya kupikia bia kazi yake ni kukataa kupika. Fundi anayekuuzia paneli isiyo na vitu hivyo kwa bei nafuu amekuuzia birika la hatari.

Ikabaki sensa ya joto, ile inayobadili ukinzani kadiri joto linavyopanda. Sheria yake ni rahisi: omu 100 kwenye barafu inayoyeyuka, omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Barafu ilitoa 100 kamili. Nikaitumbukiza kwenye maji yanayochemka jikoni kwa dada, mapovu yanaruka, nikasoma 136.6. Kidhibiti kilisema nyuzi 95. Nikatangaza kwamba sensa ni mbovu, na kwamba nitakiongezea kidhibiti nyuzi tano ili kisome sawa.

Dada alikuwa anakatakata vitunguu. Hakugeuka.

“Maji ya huku ndivyo yanavyochemka. Hujaniuliza kwa nini maharage yangu hayaivi.”

Fort Collins iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; Moshi mjini haifiki 1,000. Kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 95 hivi, na hayapandi zaidi hata ukiongeza koili ya pili. Kama ningeongeza zile tano zangu, kimea kingelowekwa kwenye 62 huku tarakimu zikisema 67, na shemeji angemlaumu muuza shayiri. Pia nilijifunza kwamba wakati wa kuchemsha huwezi kukiagiza kidhibiti kile kifike 100, maana hakitafika kamwe na kitasukuma umeme wote mpaka togwa imwagike sakafuni. Unakitoa kwenye kujiongoza, unakiambia kitoe asilimia 65 ya nguvu, basi.

Tulipika Jumamosi. Mita ya ampea ilipanda hadi 23 ikatulia. Gereji ilinukia uji wa kimea, na kwa dakika kadhaa nilikuwa uani kwa bibi. Saa moja ya kuloweka, saa moja ya kuchemsha, lita 19 zikapozwa na kutiwa hamira. Bati la kupoozea relei lilikuwa na joto la kikombe cha chai iliyosahaulika. Hakuna kilichokatika, na hakuna aliyebonyeza kitufe chekundu isipokuwa mgeni mmoja aliyetaka kujua kinafanya nini.

Bia ile ilihitaji wiki mbili kwenye ndoo na nyingine mbili kwenye chupa. Ndege yangu iliondoka baada ya siku nane. Shemeji alinitumia picha ya glasi, imesimama juu ya paneli, povu jeupe limejaa. Dada alipoonja alisema ni chungu.