Mshahara wa Aurelia

Mume wangu anataka likizo bila malipo amalize kitabu chake, nyumba itegemee mshahara wangu. Nikamkumbuka Aurelia, mkutubi Mmarekani aliyeolewa mwaka 1940 na profesa wa historia John Hope Franklin. Mume alipokuwa akitafiti, mshahara wa mke ndio uliowavusha. Mwaka 1947 kikatoka From Slavery to Freedom, historia ya Wamarekani weusi. Waliishi pamoja mpaka Aurelia alipofariki mwaka 1999. Leo maktaba ya Chuo Kikuu cha Fisk, walikokutana, ina majina yao wote wawili.

Mabibi harusi, mali ya mke ni yake, halazimishwi. Mimi nimekubali, kwa radhi yangu. Sharti langu moja: jina langu lisisahauliwe.